Mdogo wangu yuko seli tangu Ijumaa, anaambiwa akubali kosa ili Jumatatu arudi nyumbani. Nifanye nini?

NyaUmoja (Jumamosi asubuhi)

Habari zenu wadau. Naandika nikiwa nje ya kituo, mnisamehe nikirukaruka.

Mdogo wangu ni fundi wa simu, ana kibanda chake huku Eastlands, Nairobi. Jana saa tisa alasiri walikuja maafisa wawili wasio na sare, pamoja na mama mmoja aliyeibiwa simu, wakaikuta kwenye droo yake. Aliinunua kwa mtu Sh 6,500 ikiwa na kioo kilichopasuka, akaitia kioo kipya aiuze. Risiti hana, lakini alilipa kwa M-Pesa. Wamembeba yeye, simu hiyo, na simu nyingine za wateja zisizohusika kabisa.

Sasa afisa mmoja ananiambia nikileta elfu thelathini faili haitafika kortini. Mwingine, ambaye kusema kweli ameonekana mpole, anasema kosa ni dogo: akisomewa mashtaka Jumatatu aseme "ni kweli", atapigwa faini kidogo na jioni tuko naye nyumbani. Hiyo thelathini sina. Mama yuko mashambani na ana presha, bado sijamwambia. Huyu wa pili anasema ukweli? Na wana ruhusa ya kumlaza mpaka Jumatatu?

Jamaa_wa_Kariobangi

Pole dada. Changisha hiyo pesa mmalizane leo. Mambo ya katiba ni ya watu wenye mawakili, sisi wengine ni kuelewana tu.

WakiliWaJioni

Jamaa, mtoa hongo ana kosa sawa na mpokeaji, sheria ya hongo ya 2016 haimtengi. Tena ukilipa leo, hakuna karatasi ya kumzuia mwingine kuifungua faili hiyo hiyo mwezi ujao.

NyaUmoja, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ni jepesi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha siku ambayo korti haikai, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Zake zinaisha leo saa tisa, Jumamosi. Kwa hivyo Jumatatu bado wako ndani ya sheria, na ndiyo maana kamatakamata ya Ijumaa haiishi Nairobi. Ila hakuna sheria inayowakataza kumpa dhamana ya polisi leo hii. Mwone OCS (mkuu wa kituo) mwenyewe, kwa adabu, uombe. Akiitisha pesa taslimu, unapewa risiti ya serikali na pesa hurudishwa. Bila risiti, hiyo si dhamana.

Sasa huyo afisa mpole. Huyo ndiye wa kuogopa. Kupokea mali ya wizi si kosa dogo: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, kifungo ni hadi miaka 14. Hakimu anaweza kutoa faini, ndiyo, lakini anayejua atatoa nini ni hakimu peke yake, si afisa wa kituo. Na mtu akishakiri mwenyewe kortini, mlango wa rufaa unabaki upenyo tu. Anaweza kulalamikia adhabu, lakini hawezi kugeuka aseme hakuwa na hatia. Halafu siku akienda kutafuta cheti cha tabia njema apate kazi, rekodi inamsubiri.

Shabiki_wa_Series

Swali la kwanza lingekuwa: walimsomea haki zake wakati wa kumkamata? Kama hawakumsomea, kesi imekufa. Mwambieni wakili aitupe nje.

WakiliWaJioni

Hiyo ni runinga ya Marekani, na hata huko haiendi hivyo. Kule, uamuzi wa kesi ya Miranda wa 1966 huzuia maneno ya mshukiwa yasitumiwe dhidi yake, hauui kesi nzima. Hapa kwetu ni lazima aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa, na kwamba anaweza kunyamaza. Wasipofanya hivyo wamevunja Katiba, na ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki unaweza kukataliwa ukiharibu usawa wa kesi. Lakini kesi haifi yenyewe. Mahakama ya Rufaa ilishasema 2010, kuhusu watu waliocheleweshwa seli, kwamba dawa yao ni fidia, si kuachiliwa. Nimeona vijana wakikaa kimya kuhusu utetezi halisi wakisubiri kesi ife kwa sababu ya kusomewa haki. Haikufa.

MamaShiru

Wacha mimi niseme ya chini, haya mengine nawaachia wasomi. Kifungua mimba wangu alipitia haya.

Omba namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), uiandike. Kama anatumia dawa, peleka na karatasi ya daktari. Mpelekee sweta, seli za hapa ni baridi hata Januari. Uliza Jumatatu wanampeleka korti gani, maana unaweza kushinda Makadara kumbe mtu yuko Milimani. Tafuta mdhamini mapema, mtu mwenye kitambulisho na hati ya shamba au kitabu cha gari, kwa sababu hakimu akitoa bondi (dhamana ya mali badala ya pesa taslimu) saa sita na karatasi zako ziko kijijini, mtoto analala rumande, gereza la Industrial Area. Na pale kwenye veranda ya korti atakuja mtu wa tai akuambie yeye ni wakili, mpe elfu tano anaingia sasa hivi. Jina lake litafute kwanza kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili. Wangu alikuwa anauza magazeti.

NyaUmoja (Jumamosi jioni)

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. OCS amesema hayupo mwenye faili, nirudi kesho. Nimemwona mdogo wangu kwa dakika chache. Anasema usiku walimwandikia taarifa, akaweka sahihi bila kuisoma, anafikiri iliandikwa kwamba alijua simu ni ya wizi. Tumekwisha?

WakiliWaJioni

Hapana, hamjaisha. Sheria ya Ushahidi haikubali ungamo lililotolewa kwa mpelelezi wa kesi usiku wakiwa wawili. Ungamo linatakiwa litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo asiyehusika na upelelezi, tena akiwepo mtu wa tatu aliyemchagua yeye mwenyewe. Karatasi hiyo itapingwa. Kuanzia sasa asiandike wala asitie sahihi kitu kingine. Aseme hivi, bila ukali: "Nitaongea nikiwa na wakili." Akirudia hayo tu, inatosha. Kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri.

Kazi yako wewe ni ile M-Pesa. Ujumbe una jina la aliyelipwa, saa na kiasi. Usiufute, na kama simu yake imechukuliwa, taarifa ya akaunti inaweza kuombwa. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba simu imeibwa. Mtu anayejua ananunua cha wizi kwa kawaida halipi kwa njia inayoacha jina. Tafuta pia bei ya simu kama hiyo yenye kioo kibovu pale Luthuli, mtaa wa maduka ya simu. Kama elfu sita na mia tano ni bei ya kawaida, hilo ni jambo kubwa. Nakuambia hivi kwa sababu mtu akikutwa na kitu kilichoibwa juzijuzi, korti hutarajia kusikia alikipataje. Maelezo anayo, ila yatolewe kortini kupitia wakili, si usiku kituoni.

Sasa sikiliza vizuri hii ya Jumatatu. Pengine atasomewa makosa mawili, wizi kisha shtaka mbadala la kupokea mali ya wizi. Karani anasoma haraka, nyuma kuna msururu wa watu thelathini. Anaulizwa "ni kweli au si kweli?" Fundi mwaminifu anafikiria: simu ilipatikana kwangu, hiyo si uongo. Anajibu "ni kweli". Basi, amekiri kosa zima. Jibu ni "si kweli" kwa kila shtaka. Na ikitokea ameteleza, kiongozi wa mashtaka atasoma maelezo ya kesi kabla ya hukumu. Hapo hapo aseme "sikujua ni ya wizi", na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.

Jamaa_wa_Kariobangi

Haya, hiyo ya "ni kweli" sikuwa naijua. Binamu yangu alisema hivyo hivyo kwa kesi ya baiskeli. Lakini wakili atalipwa na nani?

WakiliWaJioni

Swali zuri. Katiba inasema serikali itampa wakili pale ambapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Kwa vitendo, anayepewa bila kuhangaika ni wa kesi ya mauaji. Kwa kesi ya simu, aombe hata hivyo, hakimu aandike. Na Jumatatu mapema mtu mmoja wa familia aende shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria, wamekuwa wakisaidia wasiojiweza tangu 1973.

NyaUmoja (Jumatatu jioni)

Tumetoka Makadara. Alisema "si kweli" mara mbili, sauti ikitetemeka. Kiongozi wa mashtaka aliomba akae ndani, eti anaweza kuharibu ushahidi. Hakimu akauliza ushahidi upi, maana simu zote wanazo wao. Dhamana ni elfu ishirini taslimu au bondi ya elfu hamsini na mdhamini mmoja. Shemeji amekuja na kitabu cha pikipiki, wamesema wanakihakiki kwanza, kwa hivyo usiku huu bado yuko ndani. Simu za wateja je? Wenyewe wananipigia kila saa.

WakiliWaJioni

Vizuri sana. Kwenye tarehe ya kutajwa aombe nakala za taarifa za mashahidi na orodha ya vitu vilivyochukuliwa, ni haki yake kuziona kabla kesi haijaanza kusikizwa. Simu zisizo kwenye shtaka, wenyewe waende kituoni na risiti au boksi lenye namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu). Wakikataliwa, ombi liletwe kwa hakimu huyo huyo. Na kitabu cha pikipiki kikionekana hakifikii elfu hamsini, msingoje waseme, tafuteni hati ya pili kesho asubuhi kabla ya saa tatu.

MamaShiru

Na sasa mpigie mama yako, kabla jirani hajampigia.