SAT ya Oktoba: wiki 10, wanafunzi 8, kompyuta 4. Nianzie wapi?

TichaArusha

Wakuu, habari za kazi. Nina wanafunzi 8 wa Kidato cha 6, sita PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na wawili HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), wanaoomba vyuo vya Marekani. Wote wameshajisajili SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo hivyo, ya Oktoba, zimebaki wiki 10. Shule ina kompyuta mpakato 4 zinazofaa na intaneti ya kusuasua. Vitabu tulivyonavyo ni vya zamani, vyenye vifungu virefu vya kusoma na sehemu ya hesabu isiyoruhusu kikokotoo. Kwenye jaribio la kwanza la Bluebook, programu ya kompyuta ya kufanyia SAT, hesabu wengi wamepata kati ya 600 na 680, Kiingereza 470 hadi 540. Nina saa 4 kwa wiki pamoja na Jumamosi asubuhi.

Vitabu hivi nivitumie au niviache? Na kwa nini vijana wanaong'ara hesabu darasani wanapoteza alama hapa?

Saa_Mbili_Kamili

Mwalimu, vitabu hivyo virudishe kabatini. Huku nje ya Marekani mtihani ulihamia kwenye kompyuta Machi 2023, na vile vifungu vya ukurasa mzima havipo tena. Sasa kila swali la Kiingereza lina kifungu chake kifupi, maneno 25 hadi 150.

Muundo waujue kwa moyo. Kiingereza kina moduli (sehemu) mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32. Mapumziko dakika 10. Kisha hesabu, moduli mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Katika kila moduli kuna maswali mawili ya majaribio yasiyohesabiwa, lakini hayana ishara yoyote ya kuyatambua, kwa hiyo asijitokeze mtu wa kukisia ni yapi.

Kinachowaponza wengi ni moduli ya kwanza. Ukifanya vizuri pale, ya pili inakuja ngumu. Ukivurunda, inakuja nyepesi, na hapo hata ukipatia yote, alama za juu kabisa huzifikii tena. Ukishatoka moduli ya kwanza hurudi. Mwanafunzi anayekimbiza moduli ya kwanza ili "abakize nguvu" anajikata mguu mwenyewe. Wafundishe kuweka bendera kwenye swali gumu, kuchagua jibu lolote, kusonga mbele, halafu kurudi. Jibu likikosewa hakuna alama inayokatwa, kwa hiyo swali lisiachwe wazi.

Kompyuta 4 zinatosha. Mtihani mzima pamoja na mapumziko ni saa 2 na dakika 24. Kundi la kwanza liingie saa 2 asubuhi, la pili saa 5, na jaribio linalofuata mbadilishane, maana mtihani wenyewe ni wa asubuhi. Majaribio kamili fanyeni wiki ya 4, ya 7 na ya 9, basi. Nimeona walimu wanapanga jaribio kila Jumamosi. Majaribio rasmi yanaisha, makosa yanabaki yaleyale.

Siku za kati tumia benki ya maswali ya College Board, wenye mtihani wa SAT, iliyo mtandaoni. Unachuja kwa mada na ugumu, unapakua PDF, unachapa, na intaneti huihitaji tena. Weka tiki pale pa kuondoa maswali yanayotumika kwenye majaribio ya Bluebook, la sivyo watakutana nayo Jumamosi na alama zitapanda kwa uongo.

Kila mmoja awe na daftari la makosa. Kwa kila swali alilokosa aandike sababu moja kati ya nne: sikujua, nilisoma vibaya, nilikokotoa vibaya, muda uliisha. Baada ya siku 7 alirudie swali bila kuangalia jibu. Ukikusanya madaftari 8 utajua somo la wiki ijayo bila kubahatisha.

Nukta_Mkato

Naongezea upande wa Kiingereza, maana hapo ndipo alama zako nyingi zimelala. Anza na sarufi na uakifishaji. Ni karibu robo ya maswali, sheria zake ni chache na hazibadiliki.

Kosa namba moja la vijana wetu linatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi tunaandika "Mvua ilikatika, mahindi yalikauka" na hakuna anayelalamika. Kwa Kiingereza cha SAT, sentensi mbili kamili haziunganishwi kwa mkato peke yake. Wafundishe hivi: weka kidole juu ya alama, soma kushoto, uliza kama inasimama peke yake. Soma kulia, uliza vilevile. Zote zikisimama, unaruhusiwa nukta, nukta mkato, au mkato pamoja na kiunganishi kama *and* au *but*. Upande mmoja ukiwa tegemezi, nukta mkato ifute. Nukta mbili inataka upande wa kushoto pekee uwe sentensi kamili. Na *however* si kiunganishi: haiwezi kushikilia sentensi mbili kwa mikato miwili, hata isikike vizuri namna gani.

Upatanisho wa kiima na kitenzi, hapo Kiswahili kinatusaidia. Swali linaweka jina la wingi karibu na kitenzi ili limvute mwanafunzi. Mwambie aitafsiri kichwani: "Ubora wa sampuli ulishuka." Hakuna mtoto wa Kitanzania atakayesema "ubora wa sampuli zilishuka". Kiambishi kinamwonyesha kiima halisi, kisha anarudi kwenye Kiingereza na kuchagua umoja.

Maswali ya msamiati yanakuja mwanzoni mwa moduli. Orodha ya maneno 1,000 usiwape, wiki 10 hazitoshi na maneno hayapimwi yakiwa peke yake. Afunike machaguo, asome kifungu, aweke neno lake mwenyewe kwenye pengo, hata la Kiswahili. Akisema "ilififisha", ndipo afunue na kutafuta la karibu.

Kwenye maswali ya jedwali, jibu lenye takwimu sahihi linaweza kuwa jibu baya. Swali linataka takwimu inayounga mkono dai lililotajwa. Apigie dai mstari kwanza, jedwali baadaye. Wawili wako wa HGL watafaidi sana hapa, wanajua tayari kufuata hoja.

Parabola

Hesabu. Wanafunzi wa PCM hawakosi kwa kutojua, wanakosa kwa mazoea ya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ambako njia inapewa alama. SAT haioni njia.

Kwanza, wanajibu kitu ambacho hakikuulizwa. Wanapata x = 4, wanaiona kwenye machaguo, wanabonyeza, kumbe swali linataka 3x + 2. Kabla ya kukokotoa, mwanafunzi aandike kwenye karatasi kile kinachotafutwa.

Pili, karibu robo ya maswali ya hesabu hayana machaguo, unachapa jibu mwenyewe. Nafasi ni herufi 5, au 6 kama jibu ni hasi. Ukichapa tatu na nusu kama 3 1/2 mashine inasoma 31/2. Chapa 7/2 au 3.5. Theluthi mbili ukiandika 0.67 umekosa, andika 2/3, au 0.667. Alama ya asilimia na mkato wa maelfu usiweke.

Tatu, kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya mtihani na kinaruhusiwa hesabu yote. Chukua swali hili: parabola y = x² − 6x + c na mstari y = 2x − 5 vinakutana mahali pamoja tu, c ni ngapi? Ukichora na kusogeza c, kwenye 10.9 macho yanaona kama vimeshagusana. Kwa mkono: x² − 8x + c + 5 = 0, kitofautishi (b² − 4ac) ni sifuri, 64 = 4(c + 5), c = 11. Halafu grafu itumike kuhakiki: vinagusana kwenye (4, 3). Ila jozi ya milinganyo yenye namba mbaya, au kutafuta mstari unaofaa data, peleka Desmos moja kwa moja. Kabla ya trigonometria waangalie iko kwenye digrii au radiani.

Mada wanayoidharau ni takwimu. Sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu kutoka shule moja inakuruhusu kusema juu ya shule hiyo tu, si mkoa mzima. Na kusema kitu fulani kimesababisha kingine kunahitaji watu wawe wamegawanywa makundi kwa nasibu. Vipindi viwili vinatosha kabisa.

TichaArusha

Nashukuruni sana walimu wenzangu. Swali la nyongeza: siku ya mtihani wawili watatumia kompyuta za kuazima. Kuna shida?

Saa_Mbili_Kamili

Hakuna, mradi iwe ya Windows, Mac au iPad. Simu haikubaliki, wala Chromebook ya mtu binafsi. Shida iko kwenye maandalizi. Kompyuta za shule mara nyingi zinadai nywila ya msimamizi ili kusakinisha Bluebook, ipate mapema. Siku 5 kabla, mwanafunzi mwenyewe aingie kwa akaunti yake kwenye kompyuta ileile atakayoibeba, aandae mtihani na kupata tiketi ya kuingilia. Masasisho ya Windows yamalizwe siku hiyohiyo, yasije yakaanza mlangoni.

Betri ishike saa 3, na chaja ibebwe. Intaneti inahitajika kuanza na kutuma majibu; ikikatika katikati, aendelee tu kujibu. Pasipoti iwe halali na jina lake lifanane na la usajili, hasa kwa wenye majina matatu.

Waonyeshe pia mapema kwamba saa ya kwenye skrini inaweza kufichwa. Inarudi yenyewe dakika 5 za mwisho, na ikirudi tu, kazi ya kwanza ni kujaza kila swali lililobaki wazi.