Vitufe vya Tkinter viko tupu bila picha, shangazi anauza kwa kukisia

Mwana_Mpondwe:
Wakuu, hamjambo. Naandika programu ndogo ya mauzo kwa Python na Tkinter (maktaba yake ya kutengeneza madirisha na vitufe), ya duka la shangazi yangu hapa Mpondwe, mpakani Uganda. Hesabu anazijua kuliko mimi, ila kusoma kunamsumbua, na wateja wake wengi wanavuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, wakiwa na haraka. Nikaona badala ya majina niweke picha: sukari, chumvi, mchele, sabuni, vitufe 12 kwa jumla.

Sasa dirisha linafunguka, vitufe vipo na nafasi ya picha ipo, lakini ni vya kijivu tu. Hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja. Na ukivibonyeza vinafanya kazi! Jana shangazi kabonyeza kwa kukisia, risiti ya sabuni ikatoka mchele, mteja akabaki anacheka.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Nilipojaribu kitufe kimoja, picha ilionekana vizuri. Nilipoweka mzunguko (`for`) ndani ya fanksheni, zote zikapotea. Nikautoa mzunguko nje ya fanksheni, ikatokea picha ya kitufe cha mwisho peke yake. Sijalala.

Kokoto:
Weka msimbo mkuu, hatupigi ramli hapa.

Mwana_Mpondwe:
Samahani. Sehemu ya mauzo nimeiondoa:

```
def panga_vitufe():
    for b in bidhaa:
        picha = PhotoImage(file=b + ".png")
        kitufe = Button(dirisha, image=picha)
        kitufe.pack()
```

Fundi_Arua:
Hicho kitufe cha mwisho ndicho kinachosema ukweli wote. Python na Tk, ile injini ya michoro iliyo chini ya Tkinter, ni watu wawili tofauti. Anayechora ni Tk, na kitufe chake kinajua jina la picha tu, hakiishikilii picha yenyewe. Anayeishikilia ni `picha` yako ya Python. Fanksheni ikiisha, `picha` inakufa nayo. Python ikiona hakuna anayeihitaji inaisafisha kwenye memori, na ikiondoka inamwambia Tk afute. Kitufe kinabaki na nafasi ileile, tupu. Ndiyo maana huoni kosa: kwa upande wa Python hakuna kilichoharibika.

Nje ya fanksheni, kila mzunguko `picha` inapokea mpya na kuiacha ya zamani. Ya mwisho haina wa kuifukuza, basi inabaki.

Ongeza mstari mmoja chini ya kitufe:

`kitufe.picha = picha`

Jina hilo unaweza kuliita utakavyo, muhimu kitufe kishike kitu. Mimi napendelea kamusi (`dict`) moja juu kabisa, halafu `picha_zote[b] = picha`, maana siku ukitaka kubadilisha picha unajua pa kuzipata. Hili lilinila siku mbili nilipoanza, usijione mjinga.

Mwana_Mpondwe:
Banange! Zimeonekana 11. Ya sabuni ndiyo inagoma, tena hii inatoa kosa, eti haitambui data iliyomo. Hii niliipiga upya kwa simu baada ya kuwaandikia, nikabadilisha .jpg ikawa .png. Halafu nimeweka `width=12` vilingane, vyote vimekuwa vyembamba kama njiti.

Kokoto:
Ukimwita kuku bata hataogelea. Umebadilisha jina, ndani bado ni JPEG, na PhotoImage ya Tkinter haisomi JPEG. Inasoma GIF na PPM, na PNG kuanzia Tk 8.6. Ifungue kwa Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, ipunguze iwe pikseli 64 kwa 64, uihifadhi kama PNG halisi. Fanya hivyo mara moja tu, si kila programu inapowaka. Picha ya simu ukiiacha ilivyo, kitufe kimoja kitafunika kioo kizima.

Kuhusu upana: kitufe chenye maandishi huhesabu herufi. Kikiwa na picha, ile 12 ni pikseli. Weka 90 hivi.

Mama_Duka_Jinja:
Mimi si mtu wa Python, nauza tu. Sukari, chumvi na unga wa posho vyote vyeupe. Kwenye kapicha kadogo hivyo shangazi atavitofautisha vipi? Usipige kitu chenyewe, piga anachokijua kwa macho: pakiti ya chumvi, kikombe anachopimia sukari, gunia la unga. Na bei isikosekane.

Fundi_Arua:
Dada kasema. Kwa bei weka `text` pamoja na `compound="top"`, picha inakaa juu na maandishi chini. Usipoweka `compound`, picha inayafuta maandishi. Na njia ya faili ianzie kwenye `Path(__file__).parent`, la sivyo siku shangazi akiifungua programu kutoka kwenye folda nyingine, itatafuta picha isizione.

Mwana_Mpondwe:
Nimerudi. Vyote 12 vinaonekana, bei chini yake. Nilimpelekea shangazi achague picha mwenyewe. Sukari kataka kikombe chake cha bluu kilichovunjika mkono, na kwa mchele kakataa gunia, kasema piga lile debe. Kitufe cha sabuni kakiangalia kwa muda, akauliza mbona kipande ni kidogo kuliko anachouza. Leo jioni naipiga upya.