Re: Nahamia Reading na watoto wawili, tukae mtaa gani?

Kutoka: Muuguzi, bado Dar

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimepata kazi hospitali ya Royal Berkshire, Reading, Uingereza, naanza mwanzoni mwa Septemba. Nakuja na watoto, baba yao atafuata Desemba akimaliza mkataba wake. Mkubwa ana miaka 10, anatimiza 11 Novemba. Mdogo katimiza 4 mwezi wa pili. Nimetajiwa Earley, Woodley, Caversham na Tilehurst, na nimeonywa "Whitley usiguse". Wapi kuna shule nzuri na usalama, nisije nikalipia nyumba nikajuta?

Kutoka: Mama Pacha, Reading

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Naanza na ambalo hukuliuliza. Zamu ndefu huku inaanza saa moja na nusu asubuhi na kuisha kama saa mbili usiku. Mlango wa shule unafunguliwa saa tatu kasoro dakika kumi hivi. Klabu ya asubuhi, ile wanayowapa watoto uji wa nafaka na mkate, mara nyingi inafungua saa mbili kasorobo, na hapo wewe umeshapokea wagonjwa. Kuanzia Septemba hadi Desemba nani atawapeleka na nani atawachukua? Huyo ndiye atakayekuchagulia mtaa.

Kwa hiyo tafuta kwanza mlezi aliyesajiliwa na Ofsted, wakaguzi wa shule na malezi wa serikali, anayepokea watoto nyumbani kwake alfajiri na kuwapeleka shule. Kaunsili, yaani halmashauri ya mji, wana orodha ya walezi hao mtandaoni. Kila mlezi ana shule mbili tatu tu anazozifikia kwa miguu. Ukishampata, shule umezijua, na ukishazijua shule, nyumba utaitafuta kwenye mitaa michache badala ya mji mzima. Wengi tulianza na nyumba. Mimi nilipanga mita 300 kutoka shuleni nikajiona mjanja. Mazulia nimeshaosha, mapazia nimeshatundika, ndipo naambiwa darasa la mwanangu limejaa, akapewa shule ya mabasi mawili. Siku zangu za mapumziko kazini nilikuwa nasikia kengele ya ile shule nikiwa jikoni kwangu, na wangu yuko upande wa pili wa mji.

Sasa watoto wako. Huku darasa linafuata umri, wala hawatauliza alikuwa la ngapi kwenu. Mkubwa ataingia mwaka wa sita, yaani wa mwisho wa msingi, na Septemba inayofuata yuko sekondari. Ndiyo, akiwa na miaka 11! Maombi ya sekondari yanafungwa tarehe 31 Oktoba, majibu yanatoka 1 Machi. Ukifika Septemba una wiki chache tu za kutembelea shule, na zile jioni za wazazi zinafanyika kipindi hichohicho, basi usingoje mpaka mmezoea mji. Mdogo anaanza risepsheni, darasa linalotangulia mwaka wa kwanza. Tarehe ya mwisho ya hiyo ilikuwa 15 Januari, imeshapita, kwa hiyo utapangiwa penye nafasi. Piga simu uulize "risepsheni na mwaka wa sita mna nafasi?" kabla hujauliza shule ina sifa gani. Risepsheni hadi mwaka wa pili darasa haliruhusiwi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na kukata rufaa kwa umri huo ni kazi bure karibu kila mara.

Angalia na mipaka. Anwani itasema Reading, postikodi itaanza na RG, lakini Earley na Woodley ziko kaunsili ya Wokingham, na Tilehurst nyingine inaangukia West Berkshire. Maombi ya sekondari unapeleka kwenye kaunsili unayoilipa kodi, hata kama shule unayoitaka iko ng'ambo ya barabara kwa wenzao. Nimeona mtu kapoteza wiki mbili kwa kujaza fomu ya kaunsili isiyo yake.

Watakwambia kuhusu Reading School na Kendrick, za serikali zinazochukua kwa mtihani, moja ya wavulana na nyingine ya wasichana. Kwa mkubwa wako usijisumbue. Kujiandikisha kunafungwa kabla mwaka wa sita haujaanza.

Na ile ripoti ya Ofsted isome ndani. Lile neno moja la jumla, "bora" au "nzuri", lilifutwa Septemba 2024, ila mawakala wa nyumba bado wanalipamba kwenye matangazo yao. Mimi huwa nasimama getini saa tisa na robo. Natazama mwalimu anamkabidhije mtoto mzazi aliyechelewa.

Kutoka: Baba wa Whitley

Nimeona nimetajwa, ngoja niseme kidogo. Nakaa Whitley mwaka wa kumi na moja na watoto watatu. Wanaomwonya dada wengi wao hawajawahi kushuka kwenye basi la kijani likifika huku. Sisemi ni peponi. Pikipiki za vijana zinapita usiku, na niliibiwa baiskeli niliyoiacha nje bila kufuli, ujinga wangu huo.

Dada, ingia police.uk, tovuti ya polisi, weka postikodi, itakuonyesha makosa ya kila mwezi kwa barabara. Usitazame jumla. Katikati ya mji patakutisha, kumbe sehemu kubwa ni wizi wa madukani na ugomvi wa walevi Ijumaa. Tazama uvunjaji wa nyumba na makosa ya ukatili kwenye barabara mbili tatu za karibu na nyumba yako, miezi kadhaa mfululizo. Alama za kwenye ramani yao haziko kwenye nyumba husika, zinawekwa jirani tu, kwa hiyo usimhukumu mwenye namba 14.

Halafu tembea. Desemba saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, na hiyo ndiyo saa mkubwa wako atakayokuwa anarudi. Kama kuna kichochoro kati ya kituo na nyumba, kipite giza likiwa limeingia kabla hujasaini.

Pesa: usitume hata senti kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeingia ndani. Dhamana kisheria haizidi kodi ya nyumba ya wiki tano. Anayetaka zaidi, mwage.

Kutoka: Mama Pacha, Reading

Kaka kasema kweli, nami naongeza: ukiingia ndani sogeza kabati utazame ukutani. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba inaficha ukungu, na mtoto wa pumu atakukeshesha.

Mimi ningeanza pande za Wokingham Road. Basi la zambarau namba 17 linatoka Tilehurst, linapita Oxford Road na mjini hadi huko, na hospitali unaifikia hata kwa miguu. Nyumba ni za zamani na bustani ni ya kuanika nguo mbili, lakini ukitoka zamu dakika ishirini uko kwa watoto. Caversham pazuri, ila asubuhi daraja linaziba na mlezi hatakusubiri.

Na mwombe meneja wako saa zinazoendana na shule hadi Desemba. Tangu Aprili 2024 una haki ya kuomba kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Wanaweza kukataa, ila wakupe sababu.

Kutoka: Muuguzi, bado Dar

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimewapigia simu walezi wanne leo. Mmoja karibu na Wokingham Road anapokea kuanzia saa moja kamili, lakini ana nafasi ya mmoja tu. Mkubwa anasema yeye atajiendea mwenyewe, anajua kusoma ramani. Sijui. Kuna nyumba nyuma ya hiyo barabara, vyumba viwili, wakala anataka jibu Ijumaa.

Kutoka: Mama Pacha, Reading

Usimjibu. Nitumie anwani, Jumatano natoka zamu ya usiku. Nitapita hapo saa mbili unusu, wakati watoto wanakwenda shule, nitembee njia yake yote mpaka getini nikupigie.