Tupeane uzoefu: jiko la gesi halitoi cheche, unaanzia wapi?

Mkaazi wa Mwera
Assalam aleikum ndugu zangu. Masika yakiingia, majiko mengi hugoma na watu hurudi kwenye kiberiti. Tuweke hapa yale yanayofanya kazi kweli. Tafadhali mtu ataje kwanza jiko lake ni la aina gani, maana viwashio viko vitatu na dawa zao mbalimbali: kile kinachopiga "tak" moja ukizungusha (hakina betri wala umeme), kile cha betri kinacholia "tik-tik-tik", na kile cha umeme wa ukutani.

Fundi Mwanakwerekwe
Waaleikum salaam. Watu wanakimbilia kununua kifaa kabla ya kujua ugonjwa uko wapi, na pesa inapotea bure.

Kwanza zima gesi kwenye regyuleta (kile kichwa cha juu ya mtungi), fungua mlango na madirisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni, kwa hivyo mlango ndio unaoitoa zaidi. Ukinusa gesi, usiguse kiwashio wala swichi ya taa mpaka harufu iishe.

Harufu haipo? Subiri usiku, zima taa, mtungi ubaki umefungwa, kisha washa kiwashio uangalie kila pleti (pale moto unapotokea).

Pleti zote kimya: tazama betri, waya wa ukutani, au boksi la cheche lenyewe. Pleti moja tu kimya: kosa liko kwenye pini yake (kile kijiti cha chuma chenye shingo ya kauri kinachotoa cheche) au waya wake, boksi ni zima. Cheche inaruka chini, kwenye shingo ya kauri, badala ya kwenye ncha: kauri imepasuka. Ufa wenyewe huenda usiuone kwa macho mchana, lakini gizani unajionesha. Gundi haisaidii hapo, pini inabadilishwa.

Cheche ikiwa ya buluu na inapiga sawasawa kwenye ukingo wa pleti, basi kiwashio hakina kosa. Tafuta kwenye gesi: matundu yameziba kwa maziwa au wali uliofurika, au kifuniko cha pleti kimekaa upande. Hili la kifuniko ni la kuangalia kabla ya yote, kila baada ya kuosha jiko. Na mtungi ukiwa umebadilishwa sasa hivi, mpira una hewa ndani, gesi huchelewa kidogo kufika. Isipowaka ndani ya sekunde 5, funga, acha dakika moja gesi itawanyike, ndipo ujaribu tena.

Kusafisha pini: toa betri au chomoa waya kwanza, cheche ile ni ya maelfu ya volti na inashtua vibaya. Sugua ncha ya chuma kwa msasa laini mpaka ing'are. Kauri ifute kwa kitambaa chenye spiriti, maana masizi na mafuta yakiganda juu yake cheche hupita humo badala ya kuruka. Spiriti ikauke kabisa kabla ya kuwasha chochote. Baina ya ncha na pleti paache milimita 3 hadi 5. Pakiwa mbali cheche haifiki, pakigusana hairuki kabisa. Kama panahitaji kurekebishwa, kunja chuma kwa plaizi nyembamba, kidogo kidogo. Ukishika kauri ukakunja, inakatika hapo hapo.

Mama wa Wete
Sisi wa karibu na bahari tuangalie sana kikasha cha betri. Hewa ya chumvi inakula vile vibati na vispringi, na betri za bei rahisi zinavuja. Toa betri, dondosha siki au maji ya ndimu kwenye kutu, sugua kwa mswaki mkuukuu, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha vizuri. Kama umesafiri, betri usiiache ndani. Betri mpya ni volti 1.5, na ikishuka chini ya 1.2 mlio unakuwa wa polepole na cheche inasuasua.

Mpishi wa Chake
Kaka Fundi, na lile la umeme linaloendelea kulia hata ukiachia mkono?

Fundi Mwanakwerekwe
Hiyo ni swichi ndogo iliyo chini ya kizungushio, dada. Maji ya kuoshea au mafuta yameingia, imenasa. Chomoa waya ukutani, vuta vizungushio vyote, uache jiko likauke siku nzima. Kikaushia nywele kinafaa kwa hewa ya uvuguvugu, ya moto inayeyusha plastiki. Likilia tena baada ya kukauka, pima kila swichi kwa mita ya fundi, ile ya kuonesha kama umeme unapita: ikiwa haijabonyezwa isipitishe, ikibonyezwa ipitishe. Ile inayopitisha wakati wote ndiyo mbovu. Zimeungwa pamoja kwa waya mmoja, ndiyo maana swichi moja ikinasa pleti zote zinalia.

Umeme ukikatika jiko hilo halina ubaya, washa kwa kiberiti: njiti mbele, gesi baadaye.

Mkaazi wa Mwera
Nyongeza kwa wanaokwenda sokoni Darajani kutafuta pini: chukua ile ya zamani mkononi. Urefu wa kauri, urefu wa waya na kichwa cha kuchomekea vinatofautiana, na picha ya simu haioneshi milimita. Waya nao usiunganishe kwa waya wa taa na utepe wa kawaida. Utepe unayeyuka kwa joto, na cheche inatoboa na kurukia bodi la jiko. Unatakiwa ule waya laini wenye ganda la silikoni.

Mpishi wa Chake
Na yale ya "tak" moja?

Fundi Mwanakwerekwe
Mle ndani kuna nyundo ndogo ya springi inayopiga jiwe, ndilo linalozalisha umeme. Mlio ukiwa mkali na cheche haipo, waya umechomoka au pini ni chafu. Mlio ukiwa mlegevu, springi imechoka, haitengenezeki. Kwenye majiko mengi ya mezani imeshikana na koki ya gesi, kwa hivyo kuibadilisha ni kufungua njia ya gesi. Hapo mpe fundi wa gesi, na akimaliza mwambie apake povu la sabuni kwenye kila kiungo mtungi ukiwa wazi. Povu likivimba na kufura, gesi inavuja, na jiko halijawa tayari.