Kuunganisha FT-857D na kompyuta kwa FT8: SignaLink, Digirig, au kebo ya mkono?

Mwana_Katuba, Lubumbashi
Wakubwa, jambo yenu. Nimepata redio ya Yaesu ya kutuma na kupokea, FT-857D iliyotumika, mwenyewe aliitunza vizuri. Antena yangu ni waya tu kati ya mwembe na paa, sauti yangu haifiki mbali, kwa hiyo nataka kuingia FT8, ile njia ambayo kompyuta inatuma ujumbe mfupi kwa milio na kusoma hata ishara dhaifu. Kuunganisha redio na kompyuta, naona njia tatu. SignaLink USB, kiboksi cha kupitisha sauti kati ya kompyuta na redio, inayosifiwa na kila mtu lakini bei yake inapita dola mia, na bado hujalipa msafirishaji. Digirig, kiboksi cha kazi hiyo hiyo, ndogo tena ya bei ya chini kuliko hiyo. Au ile kadi ya sauti ya USB ya plastiki ambayo pale mjini inauzwa bei ya sahani ya bukari na samaki, kebo nichomelee mwenyewe. Laptopu ni ya zamani, ina Windows. Umeme unakuja unapotaka, siku nyingi niko kwenye betri na sola. Ingekuwa nyinyi, mngechukua kipi?

Fundi_Kamalondo, Lubumbashi
Kabla hujatoa franka hata moja, geuza redio uitazame mgongoni. Kuna tundu la duara limeandikwa DATA, pini sita. Pini ya 1 inapokea sauti ya kutuma, ya 2 ni graundi, ya 3 ni PTT (inayoiamuru redio itume), ya 5 inatoa sauti ya kupokea. Kiboksi chochote utakachonunua kitaishia hapo hapo. Raha yake ni kwamba sauti ya pini ya 5 haifuati kitufe cha volyumu: usiku unazima spika, watu wa nyumbani wanalala, kompyuta inaendelea kusikia.

Sasa sikia. Umbo la tundu hilo ni lile lile la kibodi na mausi za zamani, zile za plagi ya zambarau na kijani. Nenda kwa mtengeneza kompyuta yeyote, mwombe kibodi iliyokufa, kata waya wake. Lakini pima kwa mita kwanza! Nyingi zina nyaya nne tu: pini ya 1, 3, 4 na 5. Ya 2 haina waya, na hiyo ndiyo graundi yetu. Mimi hutumia ule wavu wa chuma unaozunguka nyaya. Pini ya 4 ni ya data ya kasi ya 9600, hatuihitaji, ifunge na utepe isiguse kitu. Rangi za nyaya usiziamini, kila kiwanda kina zake.

Mama_Mita20, Lubumbashi
Mwanangu, mimi natetea SignaLink. Ninayo miaka sita. Ndani yake kuna kadi ya sauti yake yenyewe na vijumpa vya kupanga pini kulingana na redio yako, na vitufe vya TX (kutuma) na RX (kupokea) viko mbele, mkono unavifikia. PTT haikusumbui: ikisikia sauti kutoka kompyuta, inabonyeza redio. Kitufe cha DLY kiache chini kabisa, ukikipandisha redio inachelewa kurudi kupokea na utapoteza mwanzo wa jibu.

Kasoro yake ni mbili. Haibadilishi masafa ya redio. Ukitaka kompyuta iishike FT-857D, unanunua kebo ya CAT kando. Ya pili imenitia aibu. Nilisahau nikaiacha Windows iitumie SignaLink kama spika ya kawaida. Mjukuu wangu akafungua video ya rumba. Redio ikaingia hewani pale pale 14.074 MHz, masafa ya FT8, gita la solo na kila kitu, karibu dakika nzima. Kwa hiyo, chochote utakachonunua, kadi ya redio iwe ya redio peke yake, na mlio wa Windows uzime wote.

Kivu_QRP, Bukavu
Ninapanda milima na FT-818, redio ndogo, kwa hiyo uzito kwangu ni kila kitu. Digirig. Kebo moja ya USB inabeba sauti, CAT na PTT, PTT inapita kwenye RTS, mstari mmoja wa siriali. Unafungua WSJT-X, programu ya FT8, unachagua redio, unaondoka. Ukiagiza, hakikisha upande wa CAT unalingana na redio yako: FT-857D inataka viwango vya TTL (volti ndogo), siyo RS-232 (volti kubwa).

Nisifiche ubaya wake: haina transfoma za kutenganisha redio na kompyuta. Kwa wati 5 sijawahi kuona tatizo. Lakini siku moja niliiunganisha kwa redio ya rafiki, wati 50 kwenye bendi ya mita 40, waya wa antena ukipita juu ya meza. USB ikakatika katikati ya kutuma, redio ikabaki imebonyezwa hadi nikachomoa umeme. Feraiti mbili za kuzuia mawimbi ya redio kwenye kebo na kuisogeza antena vilimaliza kesi.

Mwana_Katuba
Aksanti, Mama, aksanti, ndugu wa Bukavu. Na hicho kidude cha bei ya bukari, kinafaa ama nitajuta?

Mzee_wa_Waya, Lubumbashi
Kinafaa. Ishara ya FT8 ina upana wa Hz 50 tu. Joe Taylor, yule wa Nobel ya fizikia ya 1993, na Steve Franke walipoitoa 2017 hawakuifikiria studio ya muziki. Kadi yoyote inayochukua sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde imetosha na kubaki.

Kazi iko kwenye waya. Tundu la maikrofoni la kidude hicho linatoa volti kidogo za DC, kwa hiyo tia kapasita ya mikrofaradi 1 katikati. Upande wa kutuma, tundu la hedifoni lina nguvu mno kwa DATA: weka resista ya kilo-omu 10 njiani na ya kilo-omu 1 kwenda graundi, sauti inashuka mara 11. Ukisikia mngurumo, graundi mbili zinagombana. Tafuta transfoma za 1:1 za omu 600. Ziko bure kwenye kadi za modemu za simu za zamani. Kwa PTT, tumia transista ya 2N2222 na kibadilisha USB kuwa siriali.

Lakini pesa siyo iliyoharibu FT8 hapa kwetu. Ni sauti kubwa. Watu wananunua kiboksi cha bei, wanapandisha sauti ya Windows hadi mwisho, ALC (kidhibiti cha redio cha sauti iliyozidi) inaruka, na ishara moja inajitokeza mara tatu kwenye maporomoko, ile picha ya ishara kwenye skrini. Punguza mpaka ALC itulie. Punguza pia nguvu: kila zamu unatuma sekunde 12.64 mfululizo kati ya 15, redio ya wati 100 ikae kwenye 30. Betri yako nayo itakushukuru. Halafu saa ya kompyuta. Ikipotoka zaidi ya sekunde moja au mbili utaona ishara zimejaa skrini na hakuna anayekujibu. Mega za intaneti zikiisha, kidude cha GPS kinaiweka sawa.

Mama_Mita20
Mzee, siyo kila mtu ana mkono wa kuchomea. Akiunguza redio nzima kwa ajili ya kuokoa dola mia?

Mzee_wa_Waya
Ndiyo sababu ya mita, Mama. Akipima kabla ya kuchomeka haunguzi kitu. Asiyekuwa na mita anunue SignaLink, hapo tunakubaliana.

Kivu_QRP
Mimi ningemwambia hata mwenye mita anunue Digirig kama anapanga kuhama-hama. Lakini redio ya mezani, na mtu ana muda, achomee tu.

Mwana_Katuba
Wiki mbili zimepita, narudi na habari. Kibodi nilipewa bure, ilikuwa na nyaya nne kama yaya Fundi alivyosema. Jaribio la kwanza lilinguruma kama kinu. Fundi mmoja wa kompyuta alinipa kadi mbili za modemu, nikang'oa transfoma, mngurumo ukafa. Kitu kingine sikukitegemea: chaja ya laptopu ndiyo ilikuwa inapiga kelele kwenye bendi ya mita 20. Umeme ulipokatika, maporomoko yakawa safi kama maji. Sasa natuma kwa betri hata umeme ukiwepo.

Kibadilisha cha siriali kina tabia mbaya: laptopu ikiwaka, RTS inapanda na redio inatuma bila mtu kuigusa. Naiwasha redio mwisho. Jana saa mbili usiku, wati 25, niliita kutoka KH38, mraba wetu kwenye ramani ya waredio. Mtaliano akanijibu, akanipa -17, ripoti ya ishara yangu kwa desibeli. Nilimwita mke wangu aje aone, akauliza mbona hakuna sauti.

Fundi_Kamalondo
Hongera. Pini ya 4 uliifunga?

Mwana_Katuba
Niliikata kabisa, yaya.