Tupeane uzoefu: chai ya rangi na kahawa chungu, ipi tamu na ipi nafuu?

Mkazi wa Buguruni: Wadau, habari za asubuhi. Tangu sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, kilo ikavuka 4,000, nimekuwa mtu wa kupiga hesabu ya kikombe. Majani ya chai si gharama, kijiko kimoja kinatosha birika la nyumba nzima. Kinachokula hela ni sukari, na mimi chai isiyo na vijiko viwili haishuki. Kahawa ya kijiweni ni 200, haina sukari, nashushia na kashata. Ila kikombe chenyewe mafunda matatu! Nyie mwasemaje? Maziwa tusiyaingize hapa.

Kijana wa Kibosho: Kwetu mibuni ilifika hadi dirisha la jikoni, lakini asubuhi tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ada ya shule: inachumwa, inamenywa, inaanikwa, inapelekwa chama cha msingi, basi. Nimekuja kuonja kahawa chuoni, tena AFRICAFE, ile kahawa ya unga ya kopo, ya Bukoba! Arabika, aina ya kahawa tunayolima kwetu, imepita mnadani Moshi, wanaoifaidi ni Wajapani.

Mhaya asiye na makuu: Kopo umeliona, ila robusta yenyewe, aina ya kahawa ya kwetu Bukoba, hujaijua. Sisi tunaitafuna. Buni huchumwa ikiwa bado mbichi, huchemshwa na majani ya kienyeji, kisha hukaushwa. Mgeni akiingia anawekewa akamwani, ndiyo hiyo buni ya kutafuna, kabla hajaulizwa shida yake. Ikishakauka haihitaji tena sukari wala mkaa wa kuchemshia. Hapo utanishinda kwa hesabu gani?

Mama Wawili, Tukuyu: Kaka wa Buguruni, shida si sukari, ni unavyopika. Wengi mnatia majani maji yakiwa baridi, yanatokota mpaka chai inakuwa nyeusi kama oili chafu. Uchungu ukizidi ndipo mnaufukuza kwa vijiko viwili vitatu. Huku tunakoishi na mashamba ya chai, mimi nasubiri maji yachemke, naepua, natia majani, nafunika dakika nne hivi, nachuja. Kijiko kimoja kinatosha, na ukiweka mchaichai hata nusu. Jaribu kwanza ndipo uilaumu chai.

Mvita: Huku Mombasa kahawa tungu ni shilingi 20 za Kenya, kijikombe hakina mkono, dele, birika la kahawa, liko juu ya makaa. Twainywa barazani baada ya Isha, ina tangawizi na iliki. Kwa bei haina mpinzani. Tatizo ni kuwa haiendi peke yake, yataka tende au halua, na halua ndiyo itakayokufilisi.

Nesi wa zamu: Mkilinganisha bei msisahau damu. Chai na kahawa zote zikinywewa papo hapo na maharage au mchicha hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini. Wajawazito hasa, subirini kama saa moja baada ya kula.

Mkazi wa Buguruni: Nesi, asante, hiyo nampelekea shemeji yako. Mama Wawili, nimefanya ulivyosema, nimeteremka hadi kijiko kimoja na nusu, hicho nusu kinanipa tabu. Kahawa siiachi, maana chai ya nyumbani haina mtu wa kubishana naye habari za Simba na Yanga. Mvita, hiyo iliki mnaitwanga au mnatia nzima?

Mvita: Twaipasua tu. Ukiitwanga sana yaifunika buni.