Mada: Barua ya mwajiri kwa CEC (njia ya ukaazi wa kudumu Kanada kwa uzoefu wa kazi), zamu ya 14/14 (siku 14 kazini, 14 mapumziko)

Fundi wa Thickwood: Shikamooni wakubwa. ITA, ule mwaliko wa kuomba ukaazi, imetoka, lakini ofisi inayonijazia fomu imeikataa barua yangu ya kazi. Imeandikwa "14/14" tu, haitaji saa kwa wiki. Mkandarasi yule ameshafunga, msimamizi simu haipatikani. Nani anisainie? ROE (rekodi ya ajira) na T4 (karatasi ya mapato na kodi) ninazo.

Mama Neema: Pole mwanangu. Saa 12 kwa siku 14 ni 168. Gawa kwa wiki nne, unapata 42, uhamiaji wanataka 30 kwa wiki. Tena kwa ovataimu za matengenezo ya mitambo, saa 1,560 za mwaka unazimaliza mapema.

Baba Zawadi: Mama Neema, usimpoteze kijana. Zinazozidi 30 kwa wiki hazihesabiwi, miezi 12 lazima itimie. Na ROE inaonyesha saa, haionyeshi majukumu ya NOC, yaani ya kazi yako kwenye orodha ya kazi ya Kanada.

Mama Neema: Miezi 12 anayo. Soma alichouliza.

Dada wa Lubumbashi: Tujifunze kwa Watrinidad. Jirani yangu hapa Timberlea, Fort McMurray, alikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Pointe-à-Pierre kule Trinidad mpaka kampuni ya Petrotrin ilipokifunga 2018. Jumapili wakikutana, sufuria ya pelau, wali wao wa nyama, iko mezani na faili la barua liko pembeni. Kwao mtu harudishi kitambulisho cha geti kabla barua haijasainiwa: saa, mshahara, majukumu. Wana sou-sou, upatu kama wetu, na aliyeachishwa kazi anasogezwa mbele kupokea. Sisi tunatafutana mtu akishakwama.

Mzee wa Tanga: Umesema kweli. Moto wa 2016 ulipotutoa mji mzima, familia ya Kijamaika ndiyo iliyotupokea Edmonton, wanangu wakalala kwenye kitanda chao. Sikuwa namjua Mswahili hata mmoja. Sasa nikiona picha za matangi ya Chongoleani moyo unauma. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia kwetu Tanga, na wachomeleaji wetu wenye Red Seal, cheti cha ufundi cha Kanada, wako huku kwenye baridi ya −40. Nani amewaita?

Baba Zawadi: Mzee, ajira za bomba huisha likishafukiwa. Trinidad imechimba mafuta zaidi ya karne, na watu wake tunapanda nao basi moja la kambini.

Fundi wa Thickwood: Asanteni. Je, mfanyakazi mwenzangu wa zamu ile anaweza kusaini? Siku 60 za kutuma maombi tangu ITA zinakimbia.

Mzee wa Tanga: Baba Zawadi, Tanga umefika lini mara ya mwisho? Vijana wa Chongoleani wanataka kazi leo, hayo ya karne utawaambia mwenyewe.